Harufu ya Kichwani kwa Mtoto Mdogo: Tutafute Chanzo Kabla ya Kununua Dawa

Mazungumzo na wazazi na walezi



Mada ya leo tumeichagua kwa kuwa inawagusa wengi, ila wachache huitaja mbele za watu. Tunazungumzia harufu mbaya ya kichwani kwa mtoto mdogo, ile isiyokoma: mzazi anamwosha mtoto jioni, anamlaza akiwa safi, na kesho yake mchana harufu imerudi.

Aibu ya jambo hili ina gharama. Mtoto wa darasa la awali hutengwa na wenzake, akaanza kukataa kwenda shule bila kuweza kueleza sababu. Mama husemwa pembeni kwamba hajui usafi, ingawa pengine hakuna mtoto mtaani anayeoshwa mara nyingi kuliko wake. Kwa kuogopa maneno hayo haulizi mtu. Huenda dukani kimyakimya, akanunua sabuni, kisha shampuu, kisha krimu iliyosifiwa na muuzaji. Fedha zinakwisha, ngozi ya mtoto inazidi kuumia, na chanzo kiko palepale. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nasi tunasema leo kwamba mzazi anayeficha jambo hili humchelewesha mtoto kupata nafuu.

Ujumbe wetu ni huu: harufu ni dalili, wala si kipimo cha malezi. Kila chanzo kina njia yake ya kukiondoa, na vyanzo vingi havihitaji kununua kitu chochote kipya. Vichache vinahitaji mtoa huduma za afya, na hivyo hakuna shampuu ya dukani itakayoviponya. Kwa hiyo tutafute chanzo kwanza, ndipo tufungue pochi.

Kwa nini kichwa hutoa harufu

Jasho la mtoto mdogo, likiwa limetoka tu mwilini, karibu halina harufu. Juu ya ngozi ya kila mtu, awe msafi kiasi gani, wanaishi bakteria na fangasi wadogo wasioonekana kwa macho. Hao huvunjavunja jasho, mafuta ya ngozi na seli zilizokufa, na kutokana na kazi hiyo ndipo harufu hutokea. Kichwa kina mambo yote yanayowafaa: kina tezi nyingi za mafuta, kina joto, na kina nywele zinazozuia hewa na kuhifadhi unyevu.

Hali ya mahali nayo ina mchango. Katika joto la Dar es Salaam au Tanga, mtoto hutokwa na jasho jingi kichwani akiwa usingizini, hata mto ukalowa. Katika baridi ya Njombe au Mbeya, mtoto huvaa kofia ya sufi kutwa nzima, na nywele haziogeshwi mara kwa mara kwa hofu ya mafua. Mazingira ni mawili yanayopingana, lakini matokeo ni yaleyale: ngozi ya kichwa inabaki na unyevu na uchafu kwa muda mrefu.

Uchunguzi wa siku saba nyumbani

Kabla ya kununua lolote, tunashauri mzazi afanye uchunguzi wa siku saba. Hauhitaji kifaa, unahitaji subira.

Siku ya kwanza, osheni nywele za mtoto kwa shampuu laini ya watoto au kwa sabuni isiyo na manukato makali. Sugueni ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, si kwa kucha, kisha suuzeni mpaka maji yatoke yakiwa safi. Zikausheni nywele kabisa kwa taulo safi, hasa kwenye kisogo na nyuma ya masikio. Siku hiyohiyo fueni foronya, shuka, kofia na kitambaa cha kichwa, na mto uanikwe juani.

Kisha nuseni kwa utaratibu. Nuseni kichwa mara tu kinapokauka. Nuseni tena asubuhi mtoto anapoamka. Nuseni jioni baada ya michezo. Msiishie kwenye nywele. Nuseni nyuma ya masikio, kila sikio peke yake, kila tundu la pua peke yake, mdomo, mikunjo ya shingo, na hatimaye mto aliolalia. Wazazi wengi wakifanya hivyo hugundua kwamba harufu waliyodhani ni ya nywele inatoka mahali pengine kabisa.

Hatua ya tatu ni kutazama. Mketisheni mtoto karibu na dirisha penye mwanga wa mchana, mgawe nywele mstari kwa mstari kwa kichana, na mwangalie ngozi yenyewe. Je, kuna magamba? Je, kuna sehemu ambazo nywele zimekatika na kuacha vidoti vyeusi? Je, kuna vipele vyenye usaha, vidonda au unyevu? Je, nyuma ya shingo kuna matezi yaliyovimba? Andikeni mnachokiona na siku mlipokiona. Maelezo hayo yatamsaidia sana mtoa huduma mkilazimika kwenda kituoni.

Ikiwa harufu hurudi taratibu, baada ya siku mbili tatu za jasho na michezo, na ngozi haina dosari, basi yaelekea chanzo ni utunzaji wa kila siku. Ikiwa inarudi baada ya saa chache tu hata bila jasho, au ngozi ina dalili tulizozitaja, basi tatizo limo ndani ya ngozi au mahali pengine mwilini.

Vyanzo vinavyorekebishwa nyumbani

Cha kwanza ni unyevu uliofungiwa. Nywele zilizosukwa zikiwa bado mbichi, au zilizofunikwa kwa kofia au hijabu kabla hazijakauka, hupata harufu ya uvundo kama nguo iliyokunjwa ikiwa na maji. Nywele za kipilipili hukauka nje upesi huku mizizi ikiwa bado na maji. Dawa yake ni kuosha mchana badala ya usiku, na kusuka nywele zilizokauka mpaka kwenye ngozi.

Cha pili ni maji. Nyumba nyingi za mijini, hasa za pwani, hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Maji ya aina hiyo yakikutana na sabuni ya mche hayatoi povu vizuri. Hufanya utando mweupe unaoganda kwenye nywele na kunasa jasho na vumbi. Mzazi akiona hivyo huongeza sabuni, na utando nao unaongezeka. Hapa shampuu ina nafuu, kwa kuwa viosheo vyake kwa kawaida havigandi namna hiyo. Mkipata maji ya mvua au maji laini, hata lita mbili tatu, yawekeni kwa ajili ya suuza ya mwisho.

Cha tatu ni mafuta. Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani ni mazuri yakiwa mapya. Lakini yakibakiwa na maji kidogo au chembe za tui, huchacha upesi, na mafuta yaliyochacha hunuka kichwani kama yanavyonuka kwenye chupa. Nuseni chupa kabla ya kumpaka mtoto. Tengenezeni kidogo, yahifadhini katika chombo kikavu chenye mfuniko, na msichovye vidole vyenye maji ndani yake. Aidha, mafuta mapya yasipakwe juu ya mafuta ya wiki iliyopita bila kuosha, kwa sababu tabaka hizo ndizo chakula cha fangasi tuliowataja.

Cha nne ni vitambaa. Mtoto akiwa safi na mto ukiwa mchafu, mto ndio utakaoshinda. Foronya ibadilishwe angalau mara moja kwa wiki, na mara nyingi zaidi wakati wa joto. Kofia, vitambaa vya kichwa na kichana vifuliwe na kuoshwa pamoja na nywele.

Cha tano ni misuko inayokaa muda mrefu. Nywele bandia hushika jasho na vumbi, na msuko wa kubana huleta vipele na usaha kwenye mizizi. Kwa mtoto mdogo tunashauri mistari ya nywele zake mwenyewe, isiyovuta ngozi, nayo ifumuliwe kila wiki mbili au tatu ili kichwa kioshwe na kipumzike.

Je, nywele zioshwe mara ngapi? Kwa nywele za kipilipili zisizo na tatizo, mara moja kwa wiki au kila wiki mbili hutosha. Mtoto mwenye jasho jingi na harufu anaweza kuoshwa mara mbili kwa wiki. Kuosha kwa sabuni kali kila siku hukausha ngozi, ikachubuka na kuwasha. Mtoto akijikuna hupata vidonda, na vidonda huleta harufu mpya.

Ngozi inapokuwa na ugonjwa

Kwa mtoto mchanga wa miezi ya mwanzo, magamba ya manjano yenye mafuta juu ya kichwa ni jambo la kawaida. Hayaambukizi wala hayatokani na uchafu, na kwa watoto wengi hutoweka yenyewe kabla ya mwaka mmoja. Lainisheni magamba kwa mafuta kidogo, subirini, yaondoeni taratibu kwa brashi laini, kisha osheni mafuta yote yatoke. Msiyabandue kwa kucha, na msiogope kuosha utosi kwa mkono mwororo. Ngozi iliyo juu yake ni imara kuliko wengi wanavyodhani.

Kwa watoto wakubwa kidogo, ugonjwa tunaowaomba muujue vizuri ni mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi. Ni fangasi wanaoingia ndani ya mzizi wa nywele. Huonekana kama mabaka yenye magamba, nywele zilizokatika, na mara nyingine matezi nyuma ya shingo. Huambukizwa kwa kuchangia vichana, kofia, taulo na mashine za kunyolea. Baadhi ya aina hutoka kwa paka na mbwa.

Jambo kubwa la kukumbuka kuhusu mapunye ni hili: krimu ya kupaka haiponyi mapunye ya kichwani. Fangasi amejificha ndani ya mzizi, mahali ambapo krimu haifiki. Tiba yake ni dawa ya kumeza, kama vile griseofulvini, inayotolewa na mtoa huduma za afya kwa kipimo cha uzito wa mtoto, kwa kawaida kwa muda wa wiki 6 hadi 8. Griseofulvini hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa au karanga. Shampuu yenye ketokonazoli husaidia kupunguza kuenea kwa vimelea kwa watu wengine wa nyumbani, lakini peke yake haitoshi. Mzazi aliyetumia tyubu tatu za krimu bila mafanikio hana sababu ya kununua ya nne.

Mapunye yakiachwa yanaweza kugeuka uvimbe laini wenye usaha, unaouma na kutoa harufu kali. Hali hiyo ikichelewa kutibiwa, huacha kovu ambalo nywele hazitaota tena. Mtoto mwenye uvimbe wa namna hiyo, au mwenye homa pamoja na vidonda vya kichwani, apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Chawa wenyewe si chanzo kikubwa cha harufu, ila mikuno yao hufungua ngozi na kuingiza bakteria. Watafuteni kwa kichana chenye meno ya karibukaribu kwenye nywele zilizolowa. Kwa kuwa mayai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10 hivi, tiba ya chawa ambayo hairudiwi mara nyingi hushindwa.

Harufu isiyotoka kwenye nywele

Tulisema mnuse kila tundu la pua peke yake. Sababu ni kwamba watoto wa miaka miwili hadi mitano hupenda kuingiza vitu puani: ushanga, harage, kipande cha godoro, karatasi. Kitu hicho kikikaa siku kadhaa huoza au huleta usaha, na mtoto mzima hunuka, hata wazazi wakaapa kuwa harufu inatoka kichwani. Dalili yake kuu ni kamasi nzito yenye harufu inayotoka upande mmoja tu wa pua. Msijaribu kukitoa kwa pini wala kijiti, kwa kuwa mtakisukuma ndani zaidi. Apelekwe kituoni. Na ikiwa kitu hicho ni betri ndogo ya duara, kama zile za saa na za vitu vya kuchezea, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, kwa sababu huunguza nyama za ndani.

Sikio linalotoa usaha nalo hulowesha nywele za pembeni na mto, na harufu yake huchukuliwa kuwa ya kichwa. Sikio la namna hiyo linahitaji tiba, la sivyo mtoto anaweza kupoteza usikivu. Meno yaliyooza pia hutoa harufu ambayo huonekana imemzunguka mtoto mzima.

Zipo hali mbili zaidi zinazohitaji daktari. Mtoto wa kike aliye chini ya miaka 8, au wa kiume aliye chini ya miaka 9, akianza kutoa harufu ya jasho la kikwapa kama mtu mzima, achunguzwe, kwa kuwa huenda mwili umeanza mabadiliko mapema mno. Na mtoto ambaye pumzi yake ina harufu ya matunda, huku anakunywa maji mengi, anakojoa sana na kukonda, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hizo ni dalili za kisukari.

Tunapofika dukani

Ikiwa baada ya uchunguzi mmeona kwamba bidhaa inahitajika, basi tununue kama watu wanaojua haki yao.

Kwanza, tofautisheni kipodozi na dawa. Shampuu, mafuta na sabuni za kusafisha na kupendezesha ni vipodozi. Bidhaa inayodai kuponya mapunye, chawa au ukurutu inadai kuwa dawa, na dawa hununuliwa famasi au katika duka la dawa muhimu. Haifai kununuliwa mezani sokoni wala kwa mchuuzi wa ndani ya basi. Kwa Tanzania Bara, tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, na udhibiti wa dawa uko kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA. Chupa inayodai kutibu kila kitu huku haijulikani iko chini ya nani, iacheni.

Pili, someni lebo yote. Tafuteni jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda, na maelekezo ya matumizi katika lugha mnayoielewa. Kwenye vyombo vingi kuna mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa wenye namba kama 6M au 12M. Maana yake ni miezi ambayo bidhaa inabaki salama baada ya kufunguliwa. Andikeni tarehe ya kufungua kwenye chupa yenyewe.

Tatu, msivutwe na maneno ya mbele ya chupa. Neno “asili” halina maana ya “salama”. Hata ndimu ni ya asili, nayo huunguza ngozi iliyochubuka. Manukato makali hayaondoi harufu, huifunika tu, na kwa mtoto mwenye ngozi nyepesi huleta mwasho. Kabla ya kutumia bidhaa mpya kichwani, pakeni kidogo upande wa ndani wa mkono wa mtoto na msubiri siku moja au mbili. Ngozi ikiwa nyekundu au ikiwasha, bidhaa hiyo haimfai.

Nne, jihadharini na mafuta na shampuu za kupimiwa katika chupa za maji. Bei yake huvutia, lakini hakuna lebo, hakuna tarehe, na likitokea jambo hakuna wa kuulizwa.

Mambo tunayowaomba msiyafanye

Msimpake mtoto mafuta ya taa wala dawa ya kuua wadudu kwa ajili ya chawa. Mafuta ya taa huunguza ngozi, hushika moto, na mvuke wake hudhuru mapafu; dawa za wadudu hupenya ngozini na kuingia mwilini.

Msitumie krimu zenye steroidi kali, kama klobetasoli na betamethasoni, bila maelekezo ya mtoa huduma. Krimu hizo hutuliza mwasho kwa siku chache, mzazi akadhani mtoto amepona, kumbe fangasi anaenea chini kwa chini na ngozi inakuwa nyembamba. Kuweka steroidi ndani ya vipodozi kumepigwa marufuku nchini, hivyo kipodozi chenye kiambato hicho hakipaswi kuwa sokoni.

Msimpake mtoto mchanga mafuta yenye kafuri. Kafuri ikiingia mwilini mwa mtoto mdogo inaweza kumletea degedege. Msimmwagie poda kichwani ili kukausha jasho, kwa kuwa huivuta kwa pumzi. Msitumie dawa ya kulainisha nywele ya watu wazima ili nywele ziwe rahisi kuosha. Kemikali zake huunguza ngozi ya mtoto. Dawa ya kuua vidudu ya kusafishia sakafu na choo nayo si ya kichwa cha mtu.

Wengine huamua kunyoa nywele zote. Kunyoa hurahisisha kuosha na kuona ngozi, lakini hakuondoi mapunye, na wembe au mashine isiyosafishwa huweza kuyaleta. Mkimpeleka mtoto kwa kinyozi au msusi, mna haki ya kumwomba asafishe mashine na vichana kwa dawa mbele yenu kabla ya kuanza. Anayejua kazi yake hatachukia. Bora zaidi, mtoto aende na kichana na taulo lake.

Haki yenu na wajibu wenu

Bidhaa ikimdhuru mtoto, acheni kuitumia mara moja, osheni sehemu hiyo kwa maji mengi, na mwende kituo cha afya. Msiitupe chupa. Chupa, boksi na risiti ndivyo vinavyowezesha bidhaa kufuatiliwa mpaka ilikotoka. Kwa hiyo dai risiti hata kwa shampuu ya bei ndogo. Malalamiko kuhusu kipodozi yapelekwe ofisi ya TBS iliyo karibu, na kuhusu dawa yapelekwe TMDA. Tangazo lililowapotosha laweza kufikishwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji. Lalamiko la mzazi mmoja laweza kuondoa rafuni chupa ambayo ingewaumiza watoto wengi asiowajua.

Lipo na jambo lisilouzwa dukani, nalo ni namna tunavyosema na mtoto. Mtoto wa miaka minne hajui maana ya fangasi. Anajua tu kwamba watu wakimkaribia hukunja uso. Msimtaje harufu yake mbele ya wageni, wala msimtishe kwa ajili yake wakati wa kuoga. Mwambieni kwamba kichwa kinatibiwa, kama kidonda cha goti kinavyotibiwa. Zungumzeni na mwalimu wake faraghani, asije akamhamishia dawati la nyuma. Nasi majirani, tukimwona mtoto wa mwenzetu ana tatizo hili, tumwite mzazi pembeni tumwambie kwa upole alipo mtoa huduma, badala ya kumsema akiwa hayupo.

Ndugu wazazi, leo jioni hakuna anayetakiwa kununua kitu. Mkifika nyumbani anzeni na mwanga, kichana na pua zenu wenyewe. Fueni foronya. Nuseni chupa ya mafuta. Tazameni ngozi mstari kwa mstari. Baada ya siku saba mtakuwa mmejua kama dawa ni maji na jua, au ni safari ya kituo cha afya. Walio na maswali ambayo hawapendi kuyauliza hapa, tutabaki baada ya kikao kuzungumza na kila mmoja peke yake.